Pembe za Mwezi wa Mambrui

Bwenini, Kikambala
Ijumaa, 25 Shaaban

Mjomba wangu Abdulkadir,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na meza yako imejaa televisheni za watu kama kawaida. Mimi sijambo, kikohozi kimeondoka. Msalimie mama. Mwambie sabuni ilifika salama lakini mahamri yalifika nusu, na Bi Everlyne anaapa hakuyagusa. Huyu Bi Everlyne ndiye mlezi wa bweni letu. Kwao ni Malindi, huenda kila Ijumaa jioni na kurudi Jumapili, na ndiye atakayekuwa posta yetu, maana hapa ukikutwa na simu unarudishwa nyumbani ukalete mzazi.

Tarehe naandika kwa mwezi, kama ulivyonifunza. Na jambo lenyewe ni la mwezi.

Mwalimu Janet wa fizikia ametuchorea ubaoni jua, dunia na mwezi. Anasema Jumanne jioni mwezi utakuwa ndio kwanza umezaliwa, umelibana jua, na hakuna jicho la mtu litakaloweza kuuona. Kwa hesabu zake Ramadhani itaanza Alhamisi. (Yote haya kayasema kwa Kiingereza, mimi nakutafsiria njiani, ukiona pamepinda ujue ni mimi.) Nilitaka kunyoosha mkono niseme nina mjomba anayekwenda kuutazama mwezi tangu sijazaliwa. Lakini unanijua. Wiki iliyopita nilishinda na viatu vinavyonibana, kwa kuona haya kumwambia mwenzangu kwamba amevaa vyangu.

Basi nakuuliza wewe, kwa kuwa karatasi hainitazami usoni. Wasemaje? Jumanne mtauona?

Mpwa wako,
Rufaida

* * *

Mambrui
Jumamosi, 4 Ramadhani (asiyetaka na aandike 3)

Mpwa wangu Rufaida,

Waalaykumu salaam, marahaba. Sote wazima. Mama yako Mishi mzima, ila haongei na mimi, na sababu utaisoma hapa chini. Mwambie Bi Everlyne mahamri yale nimemhalalishia, mkono wa dada yangu naujua, hata malaika angeonja.

Sasa mwambie mwalimu wako kwamba mwezi tumeuona.

Jumanne, jua limezama, tumesimama kwenye ule ulimi wa mchanga pale mto unapoingia baharini. Mimi, Umair na Amin. Bahari tumeipa mgongo, kile kidimbwi kiko mbele yetu, macho yote magharibi. Nikauona. Mweupe, mwembamba, juu ya maji. Nikasema, "Ule pale." Umair akasema naam. Amin akasema naam. Tukanyanyua mikono juu tukaomba dua, na mimi machozi yalinitoka, nakwambia kweli.

Tukapeleka habari msikitini. Imamu ana simu mkononi, ndani ya simu yumo profesa, na profesa amesema haiwezekani. "Abdulkadir, wataalamu wamesema."

Mimi wataalamu nawajua. Televisheni nazitengeneza tangu zina mgongo kama ngamia, na hakuna mtaalamu wa nchi hii ambaye hajapita mezani kwangu amefunguliwa kifuniko. Yule wa mvua aliniambia masika yatakuwa haba, nikapanga redio za watu sakafuni, maji yakaingia mpaka magotini. Yule wa kura asubuhi aliapa kwamba fulani atashinda, jioni akaapa kwamba alijua tangu mwanzo atashindwa. Madaktari walitukataza nazi miaka na miaka, leo wanatuuzia mafuta yake kwenye vichupa vya manukato. Na watangazaji wanawauliza nini? "Profesa, asante sana kwa kuwa nasi." Hakuna hata mmoja anayemuuliza, "Umejuaje?"

Kwa hiyo Jumatano nikafunga, peke yangu. Umair na Amin walipoona watu wote wanakunywa chai, wakasema heri wasubiri jamaa. Mama yako alinitengea chai na vitumbua mbele yangu, makusudi, akakaa kunitazama. Na Idi nitasali kwa hesabu yangu. Nikitimiza thelathini nimemaliza, wengine wakitaka waendelee. Mama yako amesema nikila Idi peke yangu basi nijipikie mwenyewe, na siku yao nisionekane mlangoni pake.

Na iwe hivyo. Soma kwa bidii.

Mjomba wako,
Abdulkadir

* * *

Kikambala
Alhamisi, 8 Ramadhani (kwako ni 9)

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo, na saumu njema. Sisi tunafuturu kwa uji na tende, kisha chakula cha shule kinachokuja kimelala. Wasichana wengine hapa wanafunga kwa raha, mimi Jumamosi nilisinzia katika hisabati mpaka kalamu ikanichora shavuni, na hakuna aliyeniambia hadi magharibi.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Pale profesa anapofunguliwa kifuniko nilicheka kwa sauti, Kadii akanitaka nimsomee. Kadii analala kitanda cha juu yangu. Kwao ni Marafa, hafungi, lakini hunifichia ndizi. Nikamsomea yote, pamoja na ule ulimi wa mchanga. Kisha akaniambia jambo alilolisikia kwa kaka yake, Randu, anayefanya kazi ufukweni huko kwenu. Ni jambo la jioni ileile.

Nisamehe, sikwambii sasa. Nikikwambia utaanza kubishana nalo kabla hujakumbuka ulichokiona. Na hili nimelipata kwako. Wakumbuka nilipokuwa mdogo nikikubebea chupa ya kahawa kule mchangani? Akija mtu anakimbia kutoka Gongoni, "Nimeuona, nimeuona," hukumpongeza wala hukumkatalia. Ulimweka kando na wenzake ukamuuliza mambo manne. Nami nakuuliza hayohayo, na kama ni utovu wa adabu, uniwie radhi.

Ulikuwa upande gani wa pale jua lilipozama? Ulikuwa juu kiasi gani? Ulidumu muda gani? Na pembe zake zilitazama wapi?

Mimi sijali nani ameshinda, wewe au Mwalimu Janet. Kinachonikosesha usingizi ni wewe kula Idi peke yako dukani katikati ya televisheni mbovu, na mama yuko ukuta wa pili anajifanya hakusikii.

Rufaida wako

* * *

Mambrui
Jumamosi, 11 Ramadhani

Mpwa wangu,

Marahaba. Yaani nahojiwa na mtoto niliyembeba mgongoni akanikojolea kanzu ya Ijumaa. Haya, mheshimiwa hakimu, nasimama kizimbani.

Ulikuwa kushoto kidogo ya pale jua lilipozamia. Juu yake, vidole vinne kutoka kwenye vichwa vya mikoko, mkono umenyooshwa. Ulidumu kiasi cha kusoma Alhamdu mara mbili kwa utulivu, halafu ukashuka upesi, kama mtu aliyeitwa nyumbani.

Habari za huku: Sanga wa Gongoni kaniletea televisheni, sauti ipo, picha hakuna. Nikamwambia, "Sanga, hii imepona. Wanasiasa ukiwasikia bila kuwaona unapunguza hasara kwa nusu." Amekataa, anataka na sura zao. Umair ameoza jino na anaogopa daktari, anajipaka karafuu. Mama yako amepika kaimati jana, akampa mtoto wa jirani aniletee, akamwambia aseme zimetoka kwa jirani. Kaimati za dada yangu mimi nazijua kwa harufu hata nikiwa nimelala.

Kuhusu huyo Randu, mimi simjui.

Karatasi imekwisha. Soma kwa bidii.

Mjomba

* * *

Kikambala
Alhamisi, 15 Ramadhani

Mjomba wangu,

Shikamoo. Tumefika nusu, alhamdulillahi. Mwambie mama kaimati hizo anionee huruma, nimeziota.

Karatasi haikuwa imekwisha. Nusu nzima ilikuwa tupu, nimeikata nikaandikia hii unayoisoma. Umenijibu matatu.

Sikusukumi. Nakupa kwanza habari yangu, halafu uamue. Mwalimu Janet alituambia kwamba ule usiku wa kwanza mwezi ungezama kabla ya kengele ya chakula. Sisi tukatoka nje, kengele ikalia, tukala, tukarudi, na mwezi bado upo unatutazama. Darasa zima lililiona hilo na darasa zima likanyamaza, maana yeye ndiye mwalimu. Juzi akaja na hesabu za mwezi mwingine, akazimwaga ubaoni. Mjomba, sijui nini kilinipata. Mkono wangu ulinyooka. Nikasikia sauti inasema, "Mwalimu, umejuaje?" na sauti ilikuwa yangu.

Wasichana wote waligeuka. Masikio yaliniwaka moto. Nilidhani atanitoa nje. Akalifungua lile jedwali lake, akalitazama, akalitazama tena, kisha akasema, "Nimesoma mstari wa mji mwingine." Akafuta ubao wote. Akaanza upya, na safari hii akatuonyesha kila nambari ilikotoka: kuna watu waliokaa nje usiku wakiutazama mwezi miaka na miaka, wakaandika walichokiona. Watu kama wewe, Mjomba, ila hawakuwa na mpwa wa kuwabebea kahawa. Nilidhani nikimkuta na kosa nitamwamini kidogo. Nimemwamini zaidi, na bado sijui kwa nini.

Pembe zilitazama wapi?

Rufaida

* * *

Mambrui
Jumamosi (tarehe naiacha wazi)

Mpwa wangu Rufaida,

Marahaba, mwanangu. Wiki iliyopita Bi Everlyne alipita akaondoka mikono mitupu. Nilimwambia nina kazi nyingi. Sikuwa na kazi yoyote, nilikuwa nimeketi nyuma ya kabati nangoja aondoke, na nadhani aliniona miguu.

Mama yako ana mafua kidogo, si ya kukutia wasiwasi. Jino la Umair limeng'olewa. Anawaonyesha watu, amelitia kwenye kibiriti.

Zilitazama chini.

Pembe zote mbili, chini, kama mwavuli. Mwezi mchanga hulala chali, pembe juu, hilo nimewafundisha nusu ya vijana wa mji huu. Na nilimrudisha mzee mtu mzima Gongoni, na mvua inanyesha, kwa kujibu hivi nilivyokujibu.

Siku ile sikuliwaza. Nilikuwa nimemsikia yule profesa tangu asubuhi, ana tai, anatabasamu, anasema "haiwezekani kabisa", na moyo wangu ulishauona mwezi kabla macho hayajatazama. Lakini Jumatano jioni nilitoka peke yangu mpaka mchangani, nipate kuuona mwezi wangu wa siku ya pili, mnene mnene, niwacheke. Nikauona uzi. Mwezi wa siku ya kwanza, umelala chali, pembe juu. Nilijua palepale, Rufaida. Nikarudi nyumbani, na Jumamosi nikakuandikia ile barua ya televisheni zenye migongo.

Shida sasa ni hii. Alhamisi nitatimiza thelathini zangu, na wao watakuwa na ishirini na tisa. Mwezi ukionekana jioni hiyo, Idi itatukuta pamoja na hakuna atakayeniuliza kitu. Usipoonekana, Ijumaa ama nile peke yangu kama nilivyoapa, na dada yangu anifungie mlango, ama nifunge pamoja nao na kila mtu ajue kwa nini. Profesa amesema Alhamisi kuna shaka kubwa. Safari hii sikuzima televisheni.

Haya, niambie. Randu aliona nini?

Mjomba wako

* * *

Kikambala
Jumatatu, 26 Ramadhani

Mjomba wangu,

Shikamoo. Hii sikumngoja Bi Everlyne, nimempa dereva wa gari la mikate anayelala Malindi. Nilimfuata mwenyewe mpaka jikoni nikamwomba. Nilimwomba kwa sauti ndogo mno, akadhani nataka mkate, akanipa mkate. Nikarudi mara ya pili.

Pole ya mafua kwa mama.

Randu anawafundisha wageni kule kuteleza juu ya maji. Mtu anasimama kwenye ubao, anavutwa na tiara kubwa ya kitambaa, tiara yenyewe imepinda na ncha zake mbili zinatazama chini. Jumanne ile alikuwa na mwanafunzi mmoja kule upande wa pili wa kidimbwi, nyuma ya mikoko. Tiara yao ilikuwa nyeupe. Walichelewa, jua likazama, upepo ukaanza kufa, akaiteremsha upesi isilowe.

Kabla ya kuiteremsha aliona wanaume watatu wamesimama mchangani. Aliwaona wanamtazama, kisha wananyanyua mikono juu. Alidhani wanamsalimu. Mjomba, na yeye akawapungia mkono.

Nimecheka mpaka Kadii akanifunika mto usoni, kisha nikalia kidogo, sijui la nini. Labda kwa kuwa uliniandikia kwamba machozi yalikutoka, na nadhani machozi yale yalikuwa ya kweli hata kama mwezi haukuwa.

Sina la kukufundisha. Ila ukitaka kuwaambia watu, waambie ni mimi niliyekuchunguza kwa barua, wanicheke mimi. Sokoni, msikitini, popote. Wewe wajua kwamba kutazamwa na watu kwangu ni kama kumwagiwa maji ya moto. Lakini nimekuruhusu.

Rufaida

* * *

Mambrui
Jumamosi, 1 Shawwal, ya mji mzima

Mpwa wangu Rufaida,

Idi mbaraka. Naandika tumbo limejaa na kanzu ina doa la mchuzi, nawahi Bi Everlyne kesho asubuhi. Mama yako amepona. Amekufungia kaimati kwenye mkebe wa bati, ameuzungushia utepe wa gundi kuanzia chini mpaka juu, tuone safari hii.

Alhamisi jioni nilikwenda mchangani. Nilikuta watu wengi kuliko kawaida, na wengi wao hawakuja kutazama mwezi, walikuja kunitazama mimi. Walijua nikisema "ule pale" nimejiokoa. Jua likazama. Kijana mmoja wa akina Lewa akaruka, "Ule, ule, juu ya mikoko." Watu wakageuka kwangu, si kwa mikoko. Nikamuuliza kijana, "Pembe zinatazama wapi?" Akakodoa macho. "Pembe sizioni, Fundi." Nikamwambia, "Basi nami sikuuona." Tukangoja mpaka giza likaingia. Hakuna aliyeuona.

Msikitini nikasimama kabla ya tarawehe. Nilikuwaza wewe na mkono wako darasani. Nikasema, "Jamani, mwezi wangu ulikuwa tiara." Nikawaeleza yote, pamoja na Randu kutupungia. Imamu alijitahidi sana asicheke, maskini, alikuwa anauma ndevu, mwishoni akashindwa. Msikiti mzima ukashindwa. Jina lako sikulitaja. Watu nimewaambia nilihojiwa na hakimu wa Kikambala, wengine wamekwisha kuanza kumwogopa.

Lakini lililoniuma lilikuja baadaye, mlangoni, tunavaa viatu. Nikamuuliza Amin, "Na wewe siku ile uliona tiara, au uliona nini?" Akainamia viatu. "Mimi sikuona kitu, Fundi." Umair naye, na pengo lake, hakuona kitu. "Sasa mbona mlisema naam?" Amin akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo la wazi kabisa. "Wewe ndiye mjuzi wa mwezi. Ukisema umeuona, mimi nani niseme sikuuona?"

Nimekwenda na neno hilo mpaka nyumbani. Miaka yote hii nawasema wale wa kwenye kioo, kumbe na mimi nina watu wa kuniambia asante sana kwa kuwa nasi. Ni wewe peke yako uliyeniuliza. Basi nimewaambia Amin na Umair, mwezi ujao nitakaposema "ule pale", wa kwanza kuitikia naam bila kuuona atanunua kahawa ya wote.

Ijumaa nilifunga pamoja na mji. Ilikuwa siku yangu ya thelathini na moja na ilikuwa ndefu kuliko zote, na mama yako alikaa ananitazama tena, ila safari hii hakutenga chai.

Leo baada ya sala nimesimama mlangoni pake, sikuingia. Akanitazama juu mpaka chini. Akasema, "Kaka, unangoja mwezi uonekane kwanza?" Nikaingia. Nyumba imejaa, mashangazi, watoto, Umair na jino lake kwenye kibiriti. Amenipakulia pilau sinia zima, akasimama mbele yangu mkono kiunoni, akaniuliza watu wote wanasikia, "Chumvi imekaa sawa?" Wote wakaitikia kwa pamoja, "Imekaa sawa, Bi Mishi," na nusu yao walikuwa hawajafika hata kwenye sahani.

Nikawaomba wanyamaze. Nikala tonge la kwanza polepole. Nikala la pili.

Imezidi, Rufaida. Imezidi sana. Nikamwambia. Ameninunia upya tangu adhuhuri, na watu wote wanakunywa maji kwa siri.

Mjomba wako,
Abdulkadir